Chanjo Iliyo Kwenye Friji Haijamkinga Mnyama

Hotuba kwa wanafunzi wa sekondari na wafugaji, Malindi

Assalaamu alaikum. Hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, walimu, nanyi wanafunzi mlioruhusiwa kutoka darasani asubuhi hii, ahsanteni kwa kuja kunisikiliza.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja akunje mkono wa nguo yake, atazame kigasha cha mkono wa kushoto. Wengi wenu mtaona kovu dogo. Hiyo ni chanjo ya kifua kikuu, BCG, mliyopewa mkiwa wachanga. Herufi mbili za mwisho zinasimama kwa majina ya Wafaransa wawili, Calmette na Guérin. Calmette alikuwa daktari wa watu. Guérin alikuwa daktari wa mifugo, na kijidudu walichofanyia kazi kilitoka kwa ng'ombe. Walikiotesha maabara, wakakihamisha mara 230 katika muda wa miaka 13, mpaka kikapoteza makali yake. Mwaka 1921 ndipo mtoto wa kwanza akapewa. Nimeulizwa mara nyingi, na watu wa nyumbani kwetu wenyewe, kama kusoma kote kule kulikuwa kwa ajili ya ng'ombe tu. Basi jibu langu mnalo mwilini.

Mimi ni mtoto wa huku. Nimelelewa ng'ambo ya mto Sabaki, nikasomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, halafu maisha yangu ya kazi nikayatumia kwenye magonjwa ya kuambukiza ya wanyama na chanjo zake. Muda mwingi nimekuwa maabara, lakini yaliyonifundisha zaidi niliyakuta malishoni, na hayo ndiyo niliyokuja kuyasema. Chanjo ikishatengenezwa, ikathibitishwa kuwa nzuri, ikatiwa kwenye chupa na kuwekwa kwenye friji, bado haijamkinga mnyama hata mmoja. Kati ya ile friji na shingo ya ng'ombe kuna joto, kuna umbali, kuna msimu, kuna mwenye ng'ombe na mashaka yake. Hayo nayo ni sayansi, tena sayansi ngumu, na kwa maoni yangu ndiyo inayokosa watu.

Nitaanza na sotoka, kwa kuwa huo ndio ugonjwa pekee wa mifugo ambao binadamu ameumaliza kabisa duniani.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitaliano katika bandari ya Massawa. Kufikia 1897 ilikuwa imeshuka hadi Rasi, kusini kabisa mwa bara. Mahali pengi, katika kila ng'ombe kumi walisalia mmoja au wawili. Nyati na pofu waliangamia pamoja nao. Ng'ombe akifa hakuna maziwa, hakuna mahari, hakuna cha kuuza ukanunue nafaka, na njaa ikafuata mahali baada ya mahali. Wamaasai wana jina la miaka ile, Emutai, na wazee wao hulitamka kwa uzito mpaka leo.

Chanjo iliyokuja kuumaliza ugonjwa huu ilitengenezwa Kenya. Pale Muguga, karibu na Nairobi, Mwingereza mmoja daktari wa mifugo, Walter Plowright, akiwa na wenzake, alichukua virusi vya sotoka na kuviotesha kwenye seli za figo za ndama, akavihamisha kutoka kundi la seli hadi jingine takriban mara 90. Ni njia ile ile ya Calmette na Guérin ya kukichosha kijidudu mpaka kishindwe kuumiza ilhali mwili bado unakitambua. Zilikuwepo chanjo nyingine kabla yake, zikiwemo zilizotokana na virusi vilivyopitishwa kwa mbuzi, lakini baadhi ya ng'ombe waliugua kwa chanjo yenyewe. Hii ya Muguga haikumdhuru ng'ombe mwenye mimba, haikuambukiza wa jirani, na sindano moja ilitosha maisha yote ya mnyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa tayari. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo, naye alistahili.

Sasa hesabuni wenyewe. Chanjo tayari mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sotoka kutangazwa imekwisha duniani, 2011. Katikati hapo kuna karibu nusu karne. Ilikuwa inangoja nini?

Haikuwa imelala. Kuanzia 1962 hadi 1976 nchi nyingi za Afrika zilichanja ng'ombe kwa mamilioni katika mpango mmoja wa pamoja, na ugonjwa ukapungua mpaka watu wakaona umekwisha. Serikali zikaacha kuchanja. Lakini palibaki vichaka viwili vitatu ambako sotoka ilikuwa imejificha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikarudi na kuenea tena sehemu kubwa ya Afrika. Vichaka vile vilikuwa wapi? Vilikuwa kule ambako gari halifiki na barafu haifiki.

Wanafunzi, ile chupa nataka muione vizuri. Haifiki urefu wa kidole. Ndani yake kuna kitonge cheupe kikavu kilichokaushwa kwa baridi. Ukitia maji yake kinayeyuka papo hapo, na kuanzia dakika hiyo virusi vilivyo hai mle ndani vinaanza kufa, na joto likiwa la Tana River au Wajir vinakufa upesi zaidi. Mchanjaji aliyebeba kasha la barafu siku mbili kwenye barabara ya mchanga anaweza kufika na maji matupu. Atachanja, mfugaji atashukuru, ng'ombe watakufa mwaka unaofuata, na mfugaji huyo hatakubali sindano tena. Nimekutana na wazee wa aina hiyo. Sikuwaona wajinga hata siku moja. Walikuwa wameona kwa macho yao chanjo isiyofanya kazi, na walikuwa na haki ya kuuliza maswali.

Jibu la joto lilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Jeffery Mariner, daktari wa mifugo Mmarekani, na wenzake walibadilisha aina ya seli na namna ya kuikausha chanjo ile ile ya Plowright, ikaweza kukaa takriban mwezi bila friji. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, kwa kuwa chanjo isiyohitaji friji haihitaji gari, na isiyohitaji gari inaweza kubebwa na mfugaji mwenyewe kwa miguu au juu ya ngamia. Vijana wa jamii za wafugaji walifundishwa kuchanja, kule Afar nchini Ethiopia, Karamoja nchini Uganda, na Sudan Kusini ya sasa, na wakafika ambako madaktari wenye digrii walishindwa kufika kwa miongo mizima. Wako wenzangu waliolipinga jambo hili kwa nguvu, wakasema kazi ya daktari isipewe asiyesoma. Mimi nililiunga mkono na bado naliunga mkono.

Palibaki jambo jingine, gumu zaidi. Upande wetu huu, kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia, sotoka ilikuwa imegeuka mpole. Ng'ombe alitoa machozi, akapata homa ndogo, akapoteza hamu ya kula siku chache, akapona. Unapita katikati ya kundi huoni ugonjwa. Wanyama wa porini ndio waliotuumbua. Kati ya 1994 na 1996 nyati, tandala na pofu walikufa kwa wingi Tsavo, huko huko yanakotoka maji haya ya Galana yanayomwagika baharini hapa kwetu. Vipimo vikaonyesha ni sotoka ya aina ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 30.

Kuutafuta ugonjwa mpole ndani ya makundi ya ng'ombe huwezi kwa kuchukua damu peke yake, kwa sababu unachukua ya nani na lini? Ilibidi kukaa na wafugaji na kuwauliza vizuri. Nakumbuka mzee mmoja wa Kiorma, upande wa Garsen, alivyolipokea swali langu. Hakunijibu kwa maneno. Alimwita kijana wake amshike dume, akafunua mdomo wa chini kwa kidole gumba, akanionyesha ufizi mahali vidonda vya sotoka vinapoanza, kisha akausugua kidogo na kunusa kidole chake. Akasema yule alikuwa mzima, lakini msimu uliopita kwa jirani yake alinusa harufu nyingine. Akanieleza tofauti ya vidonda vya sotoka na vya ugonjwa wa miguu na midomo kwa utaratibu ambao ungempatia alama zote za mtihani kule Kabete. Niliandika kila neno. Taarifa za watu kama yeye, zikakusanywa kwa mpango na kulinganishwa na vipimo vya maabara, ndizo zilizoonyesha ugonjwa umebakia wapi.

Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati, katika Mbuga ya Meru, hapa hapa Kenya. Ilitubidi kungoja miaka kumi ya kuchunguza ndipo 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha. Siku ile nililia, na sioni haya kusema. Ugonjwa wa wanadamu uliomalizwa kwa namna hiyo ni ndui tu.

Tuje kwa wenye ng'ombe wa maziwa, maana naona wengi hapa mna mmoja au wawili wa gredi nyuma ya nyumba. Adui yenu ni ndigana kali. Mnaijua: kupe wa sikioni, tezi inavimba chini ya sikio, homa inapanda, pumzi inakuwa nzito, na mnyama wa laki na zaidi anakufa ndani ya wiki mbili tatu. Chanjo ipo, nayo asili yake ni Muguga. Inaitwa mchanganyiko wa Muguga, kwa sababu ina vimelea vya aina tatu vilivyochanganywa. Namna inavyofanya kazi huwashangaza watu: ndama anaambukizwa ndigana ya kweli kwa makusudi, na wakati ule ule anachomwa dawa ya kundi la tetrasaiklini inayokaa mwilini siku kadhaa, ili ugonjwa uzimike kabla haujamzidi. Mwili unabaki na kumbukumbu, na kinga inadumu.

Lakini itengenezweje? Kimelea hiki hakioteshwi kwenye chupa kikafaa kwa chanjo. Lazima upate kupe, uwalishe kwa ng'ombe mgonjwa, ungoje wajibadilishe, uwalishe tena kwa sungura ili vimelea vikomae mateni mwao, halafu uwasage. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na siku hizi kituo kikuu cha kuitengeneza kiko Lilongwe, Malawi. Ikishatengenezwa inatiwa kwenye mirija myembamba na kuzamishwa ndani ya naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukifungua mtungi, moshi mweupe unamwagika pembeni, na watoto wote wa mtaa wanakuja kutazama.

Hapa sasa kuna jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa. Kwa miaka mingi mrija mmoja ulibeba dozi 30 hadi 40, na ukishauyeyusha una saa chache tu za kuumaliza. Mwenye kundi kubwa kule kwa Wamaasai haoni tabu, analeta ndama wake wote asubuhi moja. Mama wa Malindi mwenye ndama mmoja afanyeje? Inambidi angoje mpaka wapatikane ndama wengine thelathini wa majirani, wote wenye afya, wote siku moja, na kila mwenye ndama awe na pesa mkononi siku hiyo. Ndiyo maana chanjo hii ilienea haraka kwa wafugaji wa makundi makubwa wa Tanzania kaskazini kuliko kwa wenye ng'ombe mmoja mmoja, ambao hasara ya ng'ombe mmoja ndiyo hasara yao yote. Idadi ya dozi ndani ya mrija! Hakuna aliyewahi kupewa tuzo kwa kulifikiria hilo, na ninatamani mmoja wenu alifikirie.

Nagana nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa habari yake ni ya kuhuzunisha. Ugonjwa wa mbung'o hauna chanjo. Mwaka 1973 ilianzishwa taasisi ya kimataifa Nairobi, iliyokuja baadaye kuwa ILRI, na kazi yake kuu ilikuwa chanjo ya ndigana kali na ya nagana. Wanasayansi hodari mno wamezeekea kwenye nagana. Kile kimelea kina koti la protini, na kina maelfu ya vinasaba vya kushonea makoti mengine. Mwili ukishalitambua koti moja, kinavaa jingine. Tulichopata badala ya chanjo ni madawa, mitego ya mbung'o, na ng'ombe wenyewe. Ng'ombe aina ya Boran wanaofugwa na Waorma walichunguzwa pale ranchi ya Galana miaka ya 1980 na wakaonekana kuustahimili ugonjwa huu kuliko Boran wengine. Yaani wafugaji wa mto Tana, kwa vizazi na vizazi vya kuchagua dume, walikuwa wamefanya kazi ambayo maabara imeshindwa.

Sasa homa ya Bonde la Ufa, na hapa nawaomba wazee wanisikilize kwa makini kwa kuwa ndiyo inayoua na watu.

Iligunduliwa Kenya pia, karibu na ziwa Naivasha, 1930 na 1931, kondoo walipotupa mimba na wana-kondoo kufa kwa wingi. Virusi vyake vinakaa ndani ya mayai ya mbu, kwenye udongo wa mabwawa ya msimu, na mayai hayo hustahimili ukame miaka kadhaa. Mvua ikizidi mpaka maji yakasimama wiki nyingi, mayai yanaanguliwa kwa pamoja na mbu anatoka tayari ana virusi. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za 1997, na tena mwishoni mwa 2006, ilipoanzia Garissa ikateremka hadi huku pwani. Katika mlipuko huo wa 2006 na 2007 watu zaidi ya 150 walikufa Kenya. Waliokumbwa zaidi ni waliochinja, waliochuna, waliomsaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu, waliokunywa maziwa mabichi.

Ugumu wa chanjo yake uko kwenye saa. Kati ya mlipuko na mlipuko inapita miaka hata kumi. Katika miaka hiyo nani atachanja mbuzi kwa ajili ya ugonjwa ambao watoto wake hawajauona? Halafu mvua inakuja, satelaiti zinatoa tahadhari wiki chache kabla, na chanjo inaanza kuagizwa wakati mbu wameshaanguliwa. Kuchanja mlipuko ukiwa umeanza ni hatari, kwa sababu sindano moja ikipita kwa wanyama wengi itabeba virusi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Zaidi ya hayo, chanjo ya zamani iliyotumika sana, iitwayo Smithburn, inaweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe. Mfugaji anayeikataa wakati kundi lake lote lina mimba ana hoja.

Kwa hiyo ninafurahi sana kwa kazi inayofanyika jirani yetu, katika kituo cha KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi. Mkenya daktari wa mifugo, George Warimwe, pamoja na wenzake wa Oxford, wanaendeleza chanjo ya homa hii inayotumia virusi vya mafua ya sokwe vilivyoondolewa uwezo wa kuzaana. Imeleta kinga kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe katika majaribio yaliyochapishwa 2016, na majaribio ya mwanzo kwa watu yamefanyika Uingereza. Chanjo hiyo hiyo moja, kwa mbuzi na kwa mchungaji wake. Bado inajaribiwa, haijafika dukani, kwa hiyo asije mtu akawauzia kitu kwa jina hilo.

Wanafunzi, wengine mtauliza njia. Biolojia na kemia mzipende, hesabu msiziogope, kwa kuwa takwimu ndizo zinazoamua kama chanjo imefanya kazi. Digrii ya udaktari wa mifugo ni miaka mitano. Baada yake kuna njia ya maabara na njia ya malishoni, nami nawaombeni msizitenganishe. Ambaye anajua kusoma jenomu ya virusi na pia anajua kukaa chini ya mkwaju na mzee akamsikiliza, huyo tunamhitaji leo. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ndugu wa ile sotoka kubwa, imepangwa kumalizwa duniani ifikapo 2030. Chanjo yake ni nzuri na imekuwepo kitambo. Vizuizi vyake ni vile vile nilivyovitaja.

Na wafugaji: mvua kubwa zikitabiriwa, mbuzi wachanjwe mapema, mbu hawajaanguliwa. Wakianza kutupa mimba wengi kwa pamoja, usiguse kondo wala kijusi kwa mkono mtupu, usichinje, usigawe nyama, chemsha maziwa, na umpigie ofisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama wataacha. Na mchanjaji akija, muulize chanjo imekaa wapi tangu itoke Nairobi, na umwombe akuonyeshe barafu. Asikasirike. Akikasirika, niambieni mimi.

Nitapokea maswali sasa, nikianza na wafugaji, kwa kuwa wengine wana safari ya kurudi Marafa na Garashi kabla ya magharibi.